Dozi ya chembe nano kwenye seli: µg/mL, µg/cm², au kile kilichofika kweli?

TitaniNyeupe ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kwenye suala la dozi, maana mhakiki wa makala amekwamisha kila kitu hapo.

Nina poda mbili za titani dioksaidi. Ya kwanza (niiite A) ina chembe za msingi za takriban nm 25, eneo la uso kwa BET (kipimo kinachotumia gesi inayonata kwenye uso) ni m² 50 kwa gramu. Ya pili (B) ni takriban nm 200, BET m² 8 kwa gramu. Densiti ya poda zote mbili nimeichukulia kuwa 4.2 (gramu kwa cm³). Seli ni A549 (za mapafu ya binadamu), midia (kimiminika cha kukuzia seli) ni DMEM yenye seramu 10%, muda ni saa 24, na dozi ni µg/mL 10, 30 na 100. Uhai wa seli napima kwenye pleti ya vishimo 96, µL 100 kila kishimo. IL-8 (protini ya uvimbe inayotolewa na seli) napima kwenye pleti ya vishimo 6, mL 2 kila kishimo. DLS (kipimo cha ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga) ndani ya midia inanipa vishada vya nm 300 kwa A na nm 350 kwa B.

Matatizo ni matatu. Matokeo ya pleti mbili hayapatani ingawa µg/mL ni ileile. Mhakiki anataka dozi iliyozifikia seli, si niliyotia. Na nilipoingiza nm 300 na densiti 4.2 kwenye hesabu ya kutuama, jibu likaja kwamba A yote inafika chini ndani ya saa 4 hivi. Lakini baada ya saa 24 midia juu ya seli bado ina weupe unaoonekana kwa macho. Je, nibadilishe tu vipimo vyote kuwa µg/cm² niendelee?

---

Mashapo amejibu:

Ndugu, huo weupe wa saa 24 ndio ushahidi wako bora, usiupuuze. Unakuambia kwamba namba moja uliyoingiza ni ya uongo, na namba hiyo ni 4.2.

4.2 ni densiti ya titani dioksaidi ngumu. Kinachotuama kwenye kishimo chako si kipande kigumu cha nm 300, ni kishada cha chembe za nm 25 zilizoshikana ovyo, na sehemu kubwa ya ujazo wake ni midia iliyonaswa katikati pamoja na protini za seramu. Densiti ya kishada cha namna hiyo mara nyingi huangukia kati ya 1.1 na 1.6. Tazama inavyobadilisha hesabu. Kasi ya kutuama kwa kanuni ya Stokes ni 2/9 × (tofauti ya densiti) × g (mvutano wa dunia) × nusu kipenyo mraba ÷ mnato. Chukua mnato wa midia kwenye nyuzi 37 kuwa mPa·s 0.74:

nm 300, densiti 4.2: mm 18 kwa siku
nm 300, densiti 1.48: mm 2.75 kwa siku
nm 300, densiti 1.2: mm 1.15 kwa siku

Kishimo cha pleti ya 96 kina eneo la cm² 0.32, kwa hiyo µL 100 inasimama kimo cha mm 3.1. Kwa densiti 4.2 safari inaisha saa 4, ndiyo namba uliyopata. Kwa 1.48, baada ya saa 24 imefika 88%, na inayobaki inatosha kabisa kuufanya weupe unaouona. Difyusheni haiokoi hapa: chembe ya nm 300 kwa kujitikisa peke yake husogea wastani wa mm 0.6 tu kwa siku. Ingekuwa chembe ya nm 20 iliyo peke yake mambo yangegeuka: kutuama kungekuwa chini ya mm 0.1 kwa siku, na difyusheni ingeipeleka zaidi ya mm 2. Ndiyo maana lazima ujue kilichomo kwenye midia ni chembe au ni vishada.

Sasa swali lako la µg/cm². Kugawanya masi uliyotia kwa eneo hakutoshi, na mara nyingine kunapotosha zaidi. Kwa µg/mL 100, dozi uliyotia ni µg/cm² 31 kwenye pleti ya 96 na 21 kwenye pleti ya 6 (cm² 9.5, kimo mm 2.1). Mtu ataona hizo ni dozi mbili tofauti. Lakini kama densiti ya kishada ni 1.2, pleti zote mbili zinapokea kiasi kilekile, µg/cm² 11.5. Sababu ni kwamba maadamu midia haijaishiwa chembe, kinachofika kwa kila cm² ni kasi × mkusanyiko × muda, na kimo hakimo kwenye hesabu hiyo. Kimo kinaanza kuhesabika pale tu chembe zinapokwisha juu. Kwa densiti 1.48, pleti ya 6 inaishiwa kwenye saa ya 18 na kusimama kwenye 21, huku pleti ya 96 ikiendelea hadi 27.5.

Kwa hiyo huwezi kuchagua kipimo kabla ya kujua densiti ya kishada. Ipime.

---

TitaniNyeupe:

Asante sana mkuu, hii ya kimo sikuwa nimeiona popote ikielezwa hivyo. Densiti ya kishada inapimwaje bila mashine ya bei ya kutisha? Na B nayo inahitaji kupimwa, au kwa kuwa chembe zake ni kubwa naweza kukisia?

---

Mashapo:

Zote mbili, usikisie. Njia rahisi ni ile ya kupima ujazo wa mashapo. Utahitaji mirija ya sentrifuji yenye kapilari chini, ile inayotumika kupima ujazo wa seli zilizoshindiliwa, yenye kapilari ya µL 5.

Andaa mchanganyiko wako wa kawaida, ndani ya midia ileile yenye seramu ileile, µg/mL 100. Tia mL 1 kwenye kila mrija, mirija mitatu au minne kwa kila poda. Weka pia mirija ya midia tupu, kwa sababu seramu yenyewe inaweza kuacha mashapo kidogo na lazima uyatoe. Zungusha kwa nguvu ya mara 2000 hadi 3000 ya mvutano wa dunia (× g) kwa saa 1, rota iwe ya ndoo zinazolala. Rota ya pembe itakupa mashapo yenye uso wa mshazari na hutaweza kusoma. Soma urefu wa mashapo kwenye kapilari kwa kipimio chake chenye rula, au piga picha ya karibu ukiwa na mizani ya milimita pembeni. Halafu:

densiti ya kishada = densiti ya midia + [masi ya chembe ÷ (ujazo wa mashapo × 0.634)] × (1 − densiti ya midia ÷ densiti ya poda)

Ile 0.634 ni sehemu ya nafasi ambayo mipira iliyomwagwa ovyo huijaza. Masi ni ile ambayo haijayeyuka. Kwa titani ni yote, kwa zinki au shaba sivyo kabisa.

Mfano: g 0.0001 ya A imetoa mashapo ya µL 0.25. Basi 0.0001 ÷ (0.00025 × 0.634) = 0.631. Zidisha kwa (1 − 1/4.2), yaani 0.762, unapata 0.48. Densiti ni 1.48. B ikitoa µL 0.10, utapata 2.2, na kwa nm 350 kasi yake ni zaidi ya mm 9 kwa siku. Yote iko chini kabla ya saa 8 hadi 9.

Hapo ndipo penye hatari ukilinganisha poda mbili kwa muda mfupi. Kwenye saa 4, ukitia µg/mL 100 za kila moja, seli za A zimepokea kama µg/cm² 4.6 na za B kama 15.6. Mtu anaweza kuandika kwamba B ni sumu zaidi, na kumbe kilichotofautiana ni kasi ya kufika tu.

Tahadhari ya usomaji: µL 0.20 badala ya 0.25 inakupa densiti 1.6, na µL 0.30 inakupa 1.4. Kasi inategemea kinachozidi densiti ya midia, yaani 0.6 dhidi ya 0.4, tofauti ya nusu nzima. Kwa hiyo ripoti wastani pamoja na mtawanyiko wa mirija, kisha endesha hesabu kwa densiti ya chini na ya juu pia, si ya kati peke yake.

---

Asidi_Tatu amejibu:

Nakubaliana na Mashapo kuhusu densiti, ila sitaki mtu aondoke hapa akidhani programu ya kukokotoa dozi iliyofika inatosha. Hesabu zote hizo, kuanzia ISDD (modeli ya kutuama na difyusheni ya chembe) ya Hinderliter na wenzake ya 2010 hadi ile ya DeLoid na wenzake ya 2015, zinachukulia kwamba midia imetulia tuli. Inkubeta inayofunguliwa kila saa haitulii. Joto likipishana, midia inazunguka na kupandisha chembe ndogo. Tena ISDD inachukulia kwamba chembe ikigusa seli imenaswa moja kwa moja. Kama uso hauinasi, chembe ndogo hurudi juu kwa difyusheni na namba yako inakuwa kubwa kuliko ukweli. Modeli ya 2015 inakuruhusu kubadilisha unataji wa sakafu ya kishimo. Endesha mara mbili, sakafu inayonasa kabisa na sakafu isiyonasa, uone pengo. Kwa vishada vizito pengo ni dogo, kwa chembe zilizo peke yake linaweza kuwa kubwa.

Kwa maoni yangu, dozi moja angalau ipimwe kwa kemia. Kwa titani huna haja ya ICP-MS (mashine inayopima elementi kwa masi ya atomu zake). Kishimo kimoja cha 96 chenye µg/cm² 27.5 kina kama µg 8.8 za titani dioksaidi, sawa na µg 5.3 za titani. Ukifikisha mL 10 una mg 0.5 kwa lita, na ICP-OES (inayopima elementi kwa mwanga inaoutoa) kwenye mstari wa nm 334.9 inaisoma bila shida. ICP-MS ina maudhi yake kwa titani: kwenye masi 48 kuna kalsiamu-48 na muungano wa salfa na oksijeni (32 + 16), kwenye masi 47 kuna fosforasi na oksijeni (31 + 16). Ukiosha seli kwa bafa ya fosfeti na kuyeyusha kwa asidi ya salfuriki, umejiletea adui wote wawili mwenyewe.

Hatua zenyewe. Vuta midia taratibu kutoka juu, ncha ya pipeti ikiwa imegusa ukuta, na uihifadhi. Osha mara tatu kwa saline 0.9% na uhifadhi maji ya kuoshea. Toa seli kwa tripsini, hamisha, kisha suuza kishimo kwa Triton 1% (aina ya sabuni) na uhifadhi hayo pia. Usijaribu kuyeyusha ndani ya pleti, polistairini haivumilii. Unganisha vishimo vitatu hadi sita kwa sampuli moja. Choma mabaki ya seli kwa asidi ya naitriki kwanza, kausha, halafu ongeza mL 2 za asidi ya salfuriki kali na g 0.8 za amonia salfeti, pasha moto kwenye glasi ya borosiliketi hadi kimiminika kiwe angavu. Kikibaki na ukungu titani haijayeyuka na matokeo hayana thamani. Asidi ya naitriki peke yake haiyeyushi titani dioksaidi, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mtu anapata titani kidogo, anaandika kwamba seli hazikupokea kitu. Ikipoa, mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Njia ya asidi ya haidrofloriki inafanya kazi pia, lakini usiiguse bila jeli ya kalsiamu glukoneti mezani, mafunzo, na vyombo visivyo vya glasi.

Pima pia sampuli ya poda uliyoipima kwenye mizani na kuichanganya na midia. Ikirudi nje ya 90 hadi 110%, rekebisha uyeyushaji kabla ya kugusa seli. Na usisahau kuzidisha titani kwa 1.67 kupata titani dioksaidi.

Mwisho, jumlisha: midia + maji ya kuoshea + seli + suuzo la kishimo. Jumla iwe kati ya 80 na 120% ya ulichotia. Ikipungua, tafuta kwenye ncha za pipeti na kwenye chupa ya mchanganyiko wa awali. Kwa kawaida chembe zimebaki huko na hazikuingia kwenye pleti kabisa.

---

Mashapo:

Kweli, ila tuweke wazi kitu kimoja: unachopata kwenye seli zilizooshwa si kilekile programu inachokokotoa. Programu inatoa kilichofika chini. Kemia inatoa kilichoshikwa au kumezwa baada ya kuosha. Ukitaka kuhakiki programu, linganisha na kilichobaki juu: bila kutikisa, vuta µL 50 za juu kwenye saa 2, 8 na 24 kutoka vishimo tofauti, upime titani.

---

BETna_Joule amejibu:

Naongeza yaliyo kabla na baada ya pleti.

Kabla: DLS ya nm 300 haina maana bila nishati ya sonikesheni (kutawanya vishada kwa mawimbi ya sauti). "Dakika 10 kwa 40%" haimwambii mwingine chochote, kwa sababu ampulitudo 40% ya mashine yako si ya mashine yake. Pima nguvu inayoingia kwenye maji: mL 50 za maji, proubu kwenye kina unachotumia siku zote, rekodi joto kila sekunde 30 kwa dakika 5. Joto likipanda nyuzi 3 kwa dakika, nguvu ni 50 × 4.18 × 3 ÷ 60, yaani wati 10.5. Sasa unaweza kuripoti jouli kwa mL. Ongeza nishati hatua kwa hatua hadi kipenyo kisishuke tena, na hiyo ndiyo nishati ya kutumia kila mara. Sonikeita kwenye maji au maji yenye albumini 0.05%, ndani ya barafu, si kwenye midia yenye seramu, maana seramu inatoka povu na protini zinaharibika. Ncha ya proubu ni ya titani na inalika, kwa hiyo kwa mradi wako sonikeita na maji matupu uyapime kama kontroli.

DLS inapima kwa ukali wa mwanga, na kishada kikubwa kinang'aa mno kuliko vidogo. Vishada vichache vya mikroni 1 vinaweza kukupa wastani wa nm 300 huku vingi vikiwa nm 150. Kwa hesabu ya kutuama ingiza mgawanyo mzima uliogeuzwa kuwa wa ujazo, si wastani mmoja. Pima kwenye midia saa 0 na saa 24.

Kutia kwenye vishimo: changanya hadi mkusanyiko wa mwisho kwenye midia, toa midia ya zamani yote, weka mpya. Ukidondosha µL 10 za mchanganyiko mzito juu ya µL 90, unazama kama tone moja na seli za mahali pamoja zinabeba karibu dozi yote. Wala usizungushe pleti kwa mkono baada ya kutia, chembe hukusanyika katikati kama majani ya chai kwenye kikombe kilichokorogwa. Darubini itakuonyesha duara jeusi katikati na pembeni patupu, na wastani wa µg/cm² hapo hauelezi seli yoyote.

Baada: masi iliyofika igeuze kuwa eneo la uso pia. A ina cm² 0.5 kwa µg, kwa hiyo µg/cm² 27.5 ni cm² 13.8 za chembe kwa kila cm² ya seli. B ina cm² 0.08 kwa µg, µg/cm² 31 ni cm² 2.5. Tangu kazi za Oberdörster kwa panya zilizolinganisha titani dioksaidi ya nm 20 na ya nm 250, tunajua kwamba mistari miwili iliyotengana kwenye grafu ya masi inaweza kulaliana kwenye grafu ya eneo la uso. Chora zote mbili. Zikilaliana, poda zako hazina tofauti ya sumu zaidi ya ukubwa wa uso, na hilo ni hitimisho lenye uzito.

Kuhusu pleti mbili kutopatana, dozi huenda ni nusu tu ya jibu. Titani dioksaidi inanasa protini, IL-8 ikiwemo. Tia kiasi kinachojulikana cha IL-8 kwenye midia yenye chembe bila seli, acha saa 24, zungusha, pima kwa ELISA (kipimo cha protini kwa kingamwili). Ikirudi nusu, IL-8 yako ya kwenye dozi ya juu imepunguzwa na chembe, si na seli. Kwenye kipimo cha uhai, chembe zilizobaki zinatawanya mwanga. Zungusha pleti na uhamishe kimiminika cha juu kwenye pleti safi kabla ya kusoma.

---

TitaniNyeupe:

Nimeelewa. Kwa hiyo kwenye jedwali la makala niweke safu zipi? Na ile µg/mL niifute?

---

Asidi_Tatu:

Usiifute, wengine watahitaji kurudia ulichofanya. Weka µg/mL uliyotia, kimo cha midia kwa mm, µg/cm² iliyotiwa, µg/cm² iliyofika kwenye saa uliyopima (ya chini, ya kati, ya juu kwa densiti za Mashapo), cm² kwa cm², na iliyopimwa kwa kemia kwenye dozi ile moja. Kwenye maelezo ya njia taja densiti ya kishada, mnato na joto uliyotumia, jouli kwa mL, toleo la programu, na kama sakafu ilikuwa inanasa au la.

Kwa majaribio yajayo, weka mL 3 badala ya mL 2 kwenye vishimo 6, kimo kitakuwa mm 3.2 na pleti zako mbili zitakaribiana tangu mwanzo.

---

BETna_Joule:

Hiyo ya mL 3 nzuri. Lakini IL-8 itakuwa imezimuliwa mara moja na nusu zaidi, kwa hiyo ripoti kwa pg kwa kila seli milioni badala ya pg/mL.